Aliyekuwa Anachagua Fremu

Mwezi wa kwanza tulipoanza kukaa ua mmoja pale Masumbwe, nilimuuliza jirani yangu mpya anajishughulisha na nini. Akasema, "Kwa sasa nachagua fremu." Nikamwelewa kabisa. Nani asiyejua fremu? Chumba cha duka, mlango wa chuma, bati juu, barabara mbele. Nikamwambia asihangaike, ameshapata mtu. Mji huu nimeuzunguka mpaka mbwa wake wananisalimia.

Kesho yake asubuhi nikamtembeza. Tulianzia stendi, tukaingia sokoni, tukatoka mpaka njia ya kwenda Ushirombo ambako watu walikuwa wanapandisha vyumba vipya. Kila fremu anaingia, anagonga ukuta kwa vidole, anaangalia dari, anasema, "Nzuri hii." Tulipofika ya sita akanisogelea sikioni kama mtu anayetaka kuuliza choo kiko wapi.

"Samahani, kaka. Kwani tunatafuta nini?"

"Si fremu yako."

Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya rangi ya watu. Akanieleza kwamba fremu yake haina mlango wala bati. Ni kitu cha ndani ya kompyuta, mifupa ambayo mtengeneza programu anaichukua kwanza, halafu ndiyo anavalisha nyama. Zipo nyingi, kila moja na watu wake wanaoisifia, na yeye alikuwa hajajua achukue ipi.

"Sasa mbona umenifuata fremu sita?"

"Nilidhani unanionyesha mji. Nikaona ni ukarimu, siwezi kuukataa."

Huyo ndiye yeye. Mtaani tulimwita Mtaalamu. Jina lake ninalo, ila sitaliandika hapa. Mimi na majina ya watu hatupatani, na sababu yake utaiona mbele. Kwao wapi na kwa nani sikuwahi kumuuliza. Najua tu alikuwa akifanya kazi za kompyuta upande wa Kahama, kule Buzwagi, kwa mkandarasi mmoja, na mgodi ulipofikia mwisho wake na yeye kazi ikafikia mwisho, akaja huku kwetu na begi moja, laptopu mbili, na kibao cha sola kilichofungwa kwenye kanga.

Mimi nilikuwa karani wa duara. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, la kushuka kwa winchi kufuata mwamba wa dhahabu. Karani kazi yake anakaa mdomoni mwa shimo na daftari, anaandika nani kashuka, nani katoka. Usidhani nilisomea. Mama Shija, mwenye duara, alinichagua kwa sababu siku ile kati ya watu waliosimama pale ni mimi peke yangu niliyekuwa na kalamu. Shule niliishia kidato cha pili. Walimu wanasema nilifeli, mimi nasema tuliachana kwa amani.

Mama Shija ndiye aliyempa Mtaalamu kazi. Alikuwa mama mnene, mpole, aliyevaa buti za mvua hata kiangazi, na alikuwa na jambo moja lililomnyima raha. Duara la jirani lilikuwa limewahi kushuka, ardhi ikafukia shimo, na karani wa kule majina alikuwa anayatunza kichwani. Watu wakachimba siku mbili wakimtafuta mtu mmoja anaitwa Masanja, turubai la msiba likafungwa, wanawake wakalia. Siku ya tatu Masanja akatokea akitoka harusini Ushirombo. Akauliza nani kafariki, hakuna aliyemsikiliza, akashika koleo akaanza kusaidia. Alijitafuta karibu nusu saa kabla mtu hajamwangalia usoni.

Tulicheka mwaka mzima. Mama Shija hakucheka. Alisema wakati watu wanamtafuta Masanja aliye harusini, kungekuwa na mwingine chini kweli nani angejua? Akamwita Mtaalamu, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamwambia mbele yangu: "Mwanangu, nataka kitu kimoja tu. Siku ardhi ikishuka, nijue nani yuko chini. Basi. Mengine utajua mwenyewe."

Mtaalamu akaitikia kwa kichwa. Halafu akaanza kufikiri, na kufikiri kwake kulikuwa na urefu kuliko duara lenyewe.

Ukuta wa chumba chake aliugawa kwa chaki. Upande wa kushoto fremu, upande wa kulia mahali pa kutunzia majina, yaani databesi. Nikipita asubuhi na mswaki mdomoni namkuta amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Alinieleza mara nyingi nikashika kidogo. Fremu moja, alisema, inakuja na kila kitu ndani, kama nyumba ya kupanga yenye kitanda, sufuria na picha za mwenye nyumba ukutani. Unaingia leo leo, ila ukitaka kuhamisha kitanda kimepigwa misumari. Nyingine inakupa nyundo na kukutakia heri. Databesi nazo: moja ni kabati lenye droo zilizopimwa, jina likizidi inalitema. Moja ni gunia, unatupia chochote, kazi inakuja siku ya kutafuta. Moja ni ndogo inakaa ndani ya simu yenyewe, haitaki mtandao, ila simu ikidumbukia majini mmeagana.

Mtandao ndio uliokuwa unamtesa. Pale duarani unapatikana ukipanda juu ya rundo la mawe, mkono mmoja hewani, kama unaapishwa ubunge. Kwa hiyo alikuwa anauliza: majina yakae kwenye simu au yakae mbali? Yakikaa pote pawili, yakitofautiana, nani msemakweli? Na kila akikaribia kuamua, huko duniani wenye fremu wanatoa mpya, anafuta ukuta, anaanza tena. Alianza mara nne. Chumba kizima kilikuwa na vumbi la chaki, hata nywele zake zilizeeka kabla yake.

Alikuwa na swali moja analouliza kila kitu. "Hiki kikifa, kinakufaje?" Alikuwa anasema kila mtu anauliza kitu kitafanya kazi vipi, hakuna anayeuliza kitakufa vipi, na kufa ndiko kwenye hasara. Siku moja alishika chupa ya chai sokoni, akaigeuza juu chini, akamuuliza muuzaji, "Ikifa, inakufaje?"

"Ikidondoka inapasuka, mzee," yule akasema. "Kwani wewe ukidondoka?"

Akainunua. Alisema ni muuzaji wa kwanza kumjibu ukweli.

Usidhani alikuwa mtu wa kusitasita kwa kila kitu. Kwenye chakula hakuwa na mjadala. Mama lishe akimuuliza "leo tukupe nini?" jibu ni "kama jana," na jana ilikuwa wali maharage tangu alipohamia. Mashati alikuwa nayo manne, yote ya rangi moja, watu wakadhani ana moja na hafui. Nilipomuuliza, akasema akili ya kuchagua ni kama chaji, haitoshi siku nzima, hawezi kuimalizia kwenye shati. Lakini huyo huyo Jumamosi alikuwa anasali kwa Wasabato na Jumapili kwa Wakatoliki. Nikamwambia Mungu atamkuta getini anagonga ukuta. Akasema bado analinganisha.

Alikuwa na mchumba Shinyanga mjini, mwalimu wa chekechea. Alimpima miaka mitatu. Mwishowe mwingine akaja bila mizani akambeba. Mtaalamu alipata habari akiwa anakula, alimaliza sahani, akaosha mikono, akaniambia, "Hiyo nayo ni jibu." Ila mwezi ule hakugusa ukuta.

Mama Shija alikuwa anapita mlangoni kwake kila Jumatatu.

"Mtaalamu, mwanangu, mimi toka uanze kufikiri nimezaa watoto watano."

"Shikamoo Mama Shija. Kitinda mimba wako si yuko darasa la sita?"

"Marahaba. Ndivyo ninavyojisikia."

Alimheshimu. Hilo ndilo lilikuwa ajabu, alimchosha na bado alimheshimu. Alisema mtu anayeogopa kukosea kwenye roho za watu heri achelewe.

Wakati yeye anachelewa, duara lilikuwa na njia yake ya zamani. Mchimbaji akifika anavua malapa, hizi ndala zetu za mpira, anavaa buti, anashuka. Malapa anayatundika kwenye ubao wenye misumari pale mdomoni. Akitoka anachukua malapa yake. Yaliyobaki kwenye misumari ndiyo watu walioko chini, huhitaji kwenda shule. Mtaalamu alipouona ubao ule mara ya kwanza alisimama kama kanisani. Akahesabu misumari, akahesabu malapa, akaniambia: "Karani, hii ndiyo databesi bora niliyowahi kuiona. Haitaki umeme. Haina jina, kwa hiyo hakuna wa kulikosea."

"Basi tumalize hapo, kazi imeisha."

"Mama Shija anataka nani, siyo wangapi," akasema, akaondoka na huzuni yake.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu. Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa na kulelewa, na ulimi wangu R na L unaziona ni mtu mmoja aliyebadili shati. Darasani nilikuwa napata sifuri za imla mpaka mwalimu akachoka kuzichora. Na siyo mimi tu, duara zima ni hivyo. Mtu anaitwa Kulwa asubuhi, jioni anaitwa Kurwa, na anaitika yote mawili. Kulwa, kwa asiyejua, ni yule pacha anayetangulia kuzaliwa, na anayemfuata ni Doto. Kwa hiyo akina Kulwa hapa kwetu ni wengi kama mawe.

Mtaalamu aliamua hatimaye. Sikumbuki ni fremu ipi, nakumbuka alipaka chokaa ukuta wote, ukawa mweupe, ikanitisha. Alichukua databesi ile ndogo ya ndani ya simu. Simu ikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, ikatundikwa kwenye mti wa mdomo wa duara, kioo kikaonyesha maandishi makubwa: CHINI, halafu namba. Mimi kazi yangu kuandika jina kamili, kubonyeza INGIA au TOKA.

Jina kamili, hapo ndipo penye neno. Kwenye daftari langu nilikuwa naandika watu kama tunavyowaita: Kulwa Mnene, Shija Redio, Maganga Asiyelipa. Mtaalamu akakataa. Alisema a.k.a. siyo jina, mtu anaweza kukonda.

Wiki ya kwanza mashine ikaanza kuona mizimu. Watu wote wametoka, tumekaa tunakunywa uji, kioo kinasema CHINI: 3. Mama Shija karibu azirai. Mtaalamu akakaa na orodha, akagundua: nimewaingiza na L, nimewatoa na R. Mashine inajua Kulwa yuko chini, huyu Kurwa anayetoka haimjui.

Hakunigombeza. Alicheka, kile kicheko cha kwenye ndoo ya rangi. Siku mbili baadaye akaja na dawa: ameifundisha mashine kwamba R na L ni herufi moja. Alikuwa na furaha sijawahi kumwona nayo. Alisema watu walioziandika fremu zote zile, wenye akili zao huko waliko, hakuna hata mmoja aliyefikiria ulimi wa Msukuma. Yeye amefikiria.

Kabla hajaiwasha aliniuliza. Nayakumbuka maneno kama yalivyo.

"Karani, nikuulize kitu cha kazi, usinitanie."

"Uliza."

"Nikizifanya hizi herufi moja, hapa duarani kuna watu wawili watakaogongana? Majina mawili sawasawa, tofauti yao R na L tu?"

"Hapa R na L ni mapacha wa ziwa moja. Mama yao mwenyewe hawatofautishi."

"Nimekwambia usinitanie."

"Hakuna. Wafanye mmoja."

"Umeangalia daftari?"

Nikagonga kichwa changu. "Daftari liko hapa."

Akaniamini. Mtu aliyeshindwa kuamini fremu za dunia nzima, akaamini kichwa changu.

Mashine ikafanya kazi. Mwezi, miezi miwili, kioo hakikukosea. Mama Shija akapita kwa wenye maduara wengine akijisifu. Ubao wa malapa akaamuru ung'olewe, alisema unafanya pale pafanane na mlango wa msikiti usio na msikiti. Mtaalamu alimwomba auache kidogo.

"Mpaka lini?" Mama Shija akauliza.

"Mpaka nijue huu mfumo ukifa unakufaje."

"Mwanangu, acha kuutakia mauti mtoto uliyemzaa mwenyewe."

Ubao ukang'olewa, mimi nikachemshia chai.

Watu wawili walikuwepo. Mmoja ni Kulwa Maganga wa hapa Masumbwe, Kulwa Mnene, wa zamu ya asubuhi. Mwingine ni Kurwa Maganga wa Ushirombo, kijana mkimya, mwembamba, wa zamu ya mchana, na kadi yake ya kliniki tangu utotoni ilikuwa na R. Kwenye daftari nilikuwa nimemwandika "Doto yuko wapi," maana dada yake pacha, Doto, alikuwa anamletea chakula kila siku saa saba na sisi tulikuwa tunamtania hivyo akichelewa. Niliwajua wote wawili, nimecheka nao, nimekula nao. Ila sikuwahi kuwafikiria kama herufi.

Siku ile Kurwa aliomba kubadilishana zamu na kijana mmoja wa asubuhi. Mchana alitaka kwenda mnadani kuangalia ndama. Alishaaga kila mtu tangu asubuhi, "mkitoka chai msinitafute, nitakuwa mnadani." Alishuka saa mbili na dakika kumi, nyuma ya Kulwa Mnene. Nikaandika jina, nikabonyeza INGIA. Kioo kikaleta maneno mekundu: MTU HUYU TAYARI YUKO CHINI. Nikajiambia nimebonyeza mara mbili, kidole changu kina tabia hiyo. Chini ya maneno kulikuwa na SAWA. Nikabonyeza SAWA.

Saa nne watu wakatoka kunywa chai, wawili wawili kwenye winchi. Kurwa alibaki nyuma amalizie kukaza gogo moja la kuzuia ukuta. Kila mmoja alidhani ametoka na mwenzake akaenda mnadani. Kulwa Mnene akatoka, nikabonyeza TOKA. Wa mwisho akatoka. Kioo kikasema CHINI: 0.

Saa nne na nusu ardhi ikashuka. Haikupiga kelele kama watu wanavyosimulia. Ilikuwa kama ng'ombe anapolala, ule mpumuo, halafu vumbi.

Mama Shija alikuja anakimbia na buti zake. Hakuniuliza mimi. Aliangalia kioo. Aliona sifuri, akapiga magoti palepale kwenye mawe, akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja, wabeja," mpaka sauti ikaisha. Halafu akakataza mtu yeyote asisogelee shimo, kwa kuwa hakuna sababu ya kuhatarisha mtu kwa ajili ya mawe. Alifanya sawasawa. Hata wewe ungefanya hivyo. Mtaalamu aliitwa, akaja, watu wakamshika mkono mmoja mmoja. Kulwa Mnene alimnyanyua juu kama mtoto. Tukaketi, tukanywa chai, tukapiga soga. Mimi nilitoa ile ya Masanja wa harusini, watu wakacheka upya.

Saa saba Doto akafika na bakuli kichwani.

"Kulwa yuko wapi?"

"Si huyo hapo anamaliza sukari," nikamwambia, nikamwonyesha Mnene.

"Sikuulizi huyo. Kulwa wangu."

"Kaenda mnadani, dada. Leo chakula tutakula sisi."

Aliteremsha bakuli. Alikuwa anaangalia chini, pembeni ya ule mti uliotundikwa simu. Pale kwenye vumbi kulikuwa na malapa, moja limeshonwa kwa waya wa baiskeli. Ubao haukuwepo, lakini Kurwa mazoea alikuwa nayo, alivua akayapanga vizuri, visigino vimeelekea shimo.

"Na haya ni ya nani?" Doto akauliza. "Kaenda mnadani na buti?"

Malapa yalikuwa pale tangu saa mbili. Watu zaidi ya ishirini tulikuwa tumesimama pale, na wote tulikuwa tunaangalia simu.

Wakachimba. Kulwa Mnene alichimba kwa mikono, kwa sababu koleo zilikuwa chache na hakuweza kusimama akitazama. Wakamtoa kesho yake saa tisa mchana. Waliomwona wanasema gogo lilikuwa limemwachia nafasi ya kukaa, na alikaa. Alikaa muda gani hakuna aliyesema mbele ya Doto, na mimi sikuuliza. Masaa mawili na nusu tuliyokunywa chai nayajua bila kuuliza.

Baada ya hapo watu walihitaji mtu wa kumlaumu, na mtu alikuwepo. Mashine ya Mtaalamu imeua. Walisema ni mchawi wa simu, walisema alilipwa na wenye maduara mengine. Waliovunja kibao chake cha sola ni walewale waliomnyanyua juu. Mama Shija hakumtukana. Alikuja akasimama mlangoni kwake, akaangalia ule ukuta mweupe, akasema, "Heri ungeendelea kufikiri," akaondoka.

Kuna jambo moja hawakulijua. Ile mashine ilikuwa inaandika kila kinachobonyezwa, na saa. Mtaalamu alikaa nayo siku ya mazishi, mlango wazi, na mimi nilikuwa nimesimama nje nimeshika ndoo ya maji isiyo yangu. Niliona anasoma, anarudi, anasoma. Alifika kwenye mstari ule. Saa mbili na dakika kumi. Onyo. Karani: SAWA. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile nilipogonga kichwa. Nikangoja aseme. Nilikuwa tayari, nakuapia, hata nilikuwa nimeandaa utani.

"Chukua chupa ya chai," akasema. "Mimi nasafiri na mzigo mdogo."

Hakumwambia mtu. Alipanda gari na jina baya, akaniachia mimi jina zuri na chupa. Mimi niliendelea na ukarani miezi mingine miwili, na daftari, halafu kalamu ikawa nzito. Siku hizi nauza vocha na karanga, ambako hakuna anayeniambia jina lake.

Nilimkuta mwaka huu Kahama. Nilikuwa natafuta mahali pa kutoa kopi, nikaona fremu ndogo kati ya kinyozi na duka la vipuri vya pikipiki, mlango wa chuma, bati juu. Ndani kakaa yeye, shati lile lile. Anachapa barua za watu, anapiga picha za pasipoti, anatoa kopi. Nikasimama mlangoni, nikagonga ukuta kwa vidole.

"Nzuri hii," nikasema.

Alitabasamu kidogo. "Nilipata fremu, karani. Uliniambia mapema, sikusikia."

Alikuwa na mteja, binti anayetaka barua ya kuomba kazi. Akamuuliza jina. Binti akasema Lozalia, au Rozaria, mimi mtu mbaya wa kuulizwa.

"R au L?"

"Yoyote tu, baba. Si ni sawa?"

Mtaalamu akasukuma karatasi na kalamu mbele yake. "Andika mwenyewe. Nitachapa utakachoandika."

Binti alipoondoka tulikaa. Nilimuuliza anasali wapi siku hizi. Akasema hapiti tena kanisa lolote. Nilimuuliza kama bado anafuatilia zile fremu mpya. Akasema zinaendelea kutoka. Kisha akavuta laptopu ya zamani kutoka chini ya meza, akaifungua, akanigeuzia. Kilikuwa kile kioo chetu, maandishi yale yale makubwa. CHINI: 1. Chini yake mstari mmoja: Kurwa Maganga. Kuingia, saa mbili na dakika kumi. Kutoka, patupu.

"Baada ya msiba niliirekebisha," akasema. "Sasa inawaona wawili."

"Sasa si umtoe? Walimtoa saa tisa."

"Najua saa." Alikuwa anafuta vumbi kwenye vitufe kwa ncha ya shati. "Nilitengeneza hivyo toka mwanzo ili watu wasidanganye. Aliyemwingiza mtu ndiye peke yake anayeweza kumtoa. Mimi mashine hainikubali. Karani ni wewe."

Akasogea, akanipisha kiti.

Nilikaa. Niliweka kidole juu ya TOKA, kidole kile kile. Halafu nikamwambia macho yangu siku hizi hayaoni herufi ndogo, nitarudi wiki ijayo na miwani. Sina miwani. Herufi zilikuwa kubwa kuliko za bango la soda. Akasema sawa, hakuna haraka, akaniuliza kopi zangu ni ngapi.

Tangu siku ile nimepita Kahama mara tatu. Nikiikaribia fremu ile navuka barabara, napita upande wa pili, najifanya naangalia vipuri. Mara zote tatu nimemwona yuko ndani, na ile laptopu iko wazi juu ya meza.